Taa ya cheki injini inazimika siku tatu afu inarudi, na sensa nishabadilisha mbili

Swali limetoka kwa dada mmoja wa hapa hapa Tanga, anakaa Mikanjuni, nalifupisha maana lilikuwa refu: "Fundi shikamoo. Nina Toyota IST, mwezi uliopita imewaka ile taa ya njano yenye umbo la injini. Fundi wa mtaani akapima na mashine akasema oksijeni sensa imekufa. Tukabadilisha, taa ikazimika, siku ya tatu ikarudi. Akasema basi hiyo tuliyoweka feki, tukaweka nyingine, siku tatu tena ikarudi. Sasa ananiambia masega (kile chombo cha kusafisha moshi kwenye eksozi) yameziba nitafute laki nne na nusu. Gari inakimbia kama kawaida ila asubuhi ikiwa sailensi (imewashwa bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka, afu naona kama mafuta inakula. Wiki ijayo nna safari ya Dar, nifanyeje?" Na kwa akili yake akapiga picha kioo cha mashine siku ile wanapima, akanitumia. Imeandikwa P0171.

Marahaba dada yangu. Kwanza hongera kwa hiyo picha, hujui umejiokolea pesa kiasi gani, maana wateja tisa kati ya kumi wanakuja gereji wanasema "ilisoma sensa" ukimuuliza kodi namba ngapi hajui (kodi ya mashine nnayosema, sio ile ya TRA). Na masega usitoe hata shilingi kwanza, nitakwambia kwa nini.

Sasa nikueleze hiyo taa ni kitu gani maana wengi wanaichukulia kama kidole kinachoonyesha kifaa kibovu, siyo. Kompyuta ya gari haioni kifaa, inaona volti tu zinazokuja kwenye waya. Inazilinganisha na zile inazotegemea, zikitoka nje ya mpaka inaandika namba kwenye kumbukumbu yake na kuwasha taa. Basi. Namba inakwambia kompyuta imeona nini, haikwambii ukanunue nini. Sasa mtu akisoma P0171 mashine inamwandikia "mchanganyiko mwepesi, benki 1", yaani hewa nyingi mafuta kidogo, na aliyeleta hiyo habari ni sensa ya oksijeni iliyoko kwenye eksozi, basi fundi anaona neno oksijeni anakamata sensa. Wahenga walisema mjumbe hauawi, wewe umeua wajumbe wawili na habari bado ni ile ile!

Petroli ili iungue sawasawa inataka hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya mafuta. Sensa ile kazi yake kunusa moshi, ikikuta oksijeni imebaki nyingi inatoa volti ndogo, kama 0.1, ikikuta imeisha inatoa kubwa, 0.8 au 0.9. Injini isiyo na ugonjwa ikiwa na joto lake hizo volti zinapanda na kushuka muda wote, kompyuta inaongeza mafuta kidogo, inapunguza, inaongeza, inapunguza, kama mtu anayekoleza chumvi kwa kuonja. Sasa hewa ikiingia kwa mlango wa uani ambayo haikupimwa, sensa inasema "hewa nyingi", kompyuta inaongeza mafuta, bado nyingi, inaongeza tena, mpaka inafika kikomo chake inasema mie nimeshindwa, inawasha taa. Ndo P0171 hiyo. Sensa hapo haijaharibika, imefanya kazi yake vizuri kabisa.

Na sasa utaelewa siku tatu zako zinatoka wapi, na hapa ndo pa msingi kwenye jibu lote hili. Fundi alipobadilisha sensa alifuta na kodi kwa mashine, au alichomoa betri, yote moja. Kumbukumbu ikarudi sifuri pamoja na yale masahihisho ya mafuta ambayo kompyuta ilishajifunza, ikabidi ianze kujifunza upya, na kwa kosa la aina hii haiwashi taa kwa safari moja, inataka ilione kwenye safari mbili ndo iamini. Ukijumlisha muda wa kujifunza na hizo safari zako za nyumbani kazini sokoni, siku mbili tatu hizo. Kilichozima taa ni kufuta, sio sensa. Ungemwambia afute tu bila kubadilisha kitu chochote ingezimika na ingerudi siku ile ile ya tatu. Mie taa hii naiita mgeni wa Tanga, waja leo kuondoka majaaliwa.

Ndo maana hapa kwangu kuna sheria moja, hakuna kufuta kabla ya kusoma na kuandika kwenye daftari, tena sio kodi peke yake. Kodi inapoandikwa kompyuta inapiga na picha ya hali ilivyokuwa dakika ile, injini ilikuwa na joto nyuzi ngapi, mzunguko ngapi, spidi ngapi, mzigo kiasi gani. Ukisoma pale ukakuta spidi sifuri, mzunguko 700, joto 85, unajua kosa limetokea gari imesimama sailensi. Ukakuta spidi 90 na mzigo mkubwa hiyo kesi nyingine kabisa. Ukifuta, picha nayo inaondoka, fundi anayefuata anaanza gizani.

Haya sasa tuje kwenye gari yako. Dalili ulizotaja nimezipenda kwa sababu zinaendana. Asubuhi inatetemeka, ikipata joto inatulia, si ndiyo? Sababu ni kwamba hiyo sensa ikiwa ya baridi haisomi, inataka joto la kama nyuzi 300 ndo iamke. Dakika za mwanzo kompyuta inaendesha kwa kukadiria, ile hewa ya wizi hakuna anayeisahihisha ipasavyo, injini inatetemeka. Sensa ikiamka mafuta yanaongezwa, gari inatulia, wewe unaona imepona kumbe inabebwa. Sensa iliyokufa isingeweza kuibeba.

Mwaka jana ilikuja gari kama yako, injini ya 1NZ, kodi hiyo hiyo, mwenyewe alishabadilisha sensa, plagi, na pampu ya mafuta alikuwa ameambiwa. Nikachomeka mashine, sikuangalia kodi, nikaenda kwenye data za moja kwa moja kuna mstari wa masahihisho ya mafuta, wa muda mfupi na wa muda mrefu. Gari isiyo na ugonjwa unataka hizo namba zicheze karibu na sifuri, asilimia tano juu tano chini sio mbaya, ikishapita kumi naanza kukunja uso. Ile gari ikiwa sailensi wa muda mrefu ulikuwa unasoma 23. Nikamwambia kijana akanyage mpaka mzunguko 2500 ashikilie hapo. Ikaanza kushuka taratibu, 15, 11, ikakaa 6.

Nikamwambia mwenye gari pampu yako nzima, usinunue. Hapa kuna tundu linaloingiza hewa ya wizi, na fikiria, tundu lina ukubwa ule ule. Injini ikiwa sailensi inavuta hewa kidogo sana, throto (mlango wa hewa) imefungwa, manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) inanyonya kwa nguvu, kwaiyo hewa ya tunduni ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga injini inavuta hewa nyingi kwa mlango wake halali, ile ya tunduni inakuwa haina maana. Ingekuwa pampu imechoka au filta ya mafuta imeziba ingekuwa kinyume chake, sailensi namba nzuri, ukikanyaga zinapanda kwa sababu injini inadai mafuta na hayafiki. Jaribio la dakika mbili, bure, halijafungua hata nati moja.

Na sensa nikaipima palepale. Nikapuliza kabu klina kidogo tu kwenye njia ya hewa injini ikiwa inaunguruma, volti zikaruka kutoka 0.1 mpaka 0.8 hapo hapo. Hai kabisa, tena ina haraka.

Tundu lenyewe lilinisumbua saa nzima maana kwa macho hulioni. Nina kimashine changu cha moshi nimetengeneza mwenyewe, kopo la rangi, glo plagi ya dizeli ya zamani, na ndani mafuta ya mtoto, yale ya kupaka, unayaunguza yanatoa moshi mzito mweupe halafu unausukuma kwa upepo mdogo sana kwenye manifoldi injini ikiwa imezimwa. Nikaziba mdomo wa hewa kwa kitambaa na kifuniko cha kopo la mandazi, tukasubiri. Moshi ukaanza kuchungulia nyuma ya injini, chini, kwenye kile kihozi cha PCV, cha kupitisha mvuke wa oili, kinachotoka kwenye kifuniko cha valvu kuingia manifoldi. Ukikitazama juu kizuri, cheusi, kinang'aa, ukikikunja kwa kidole upande wa chini kwenye kona kimepasuka kama midomo ya mtu mwenye kiu. Mpira umepikwa na joto la injini na mvuke wa oili miaka kumi na zaidi, umekuwa mgumu kama biskuti. Kihozi chenyewe urefu wa kidole. Bei yake siitaji maana yule mzee aliposikia alikaa chini kabisa kwenye tairi.

Sisemi yako ni hicho hicho kihozi, dada, inaweza kuwa hozi ya buusta ya breki, gasketi ya manifoldi, ringi za nozeli, au hata eya klina boksi haijafungwa klipu moja baada ya sevisi (hiyo nimeiona mara nyingi mpaka aibu). Au inaweza isiwe tundu, ikawa ile sensa ya kupima hewa inayoingia imechafuka. Ina kiwaya chembamba ndani kama unywele, vumbi likikigandia kinapima pungufu, kompyuta inatoa mafuta pungufu. Watu wanaoshinda njia za vumbi upande wa Pongwe kule, na wale wanaopiga eya klina upepo mara kumi badala ya kununua mpya, ndo wateja wakubwa. Hiyo inasafishwa kwa spreyi yake maalumu, unapuliza unaiacha ikauke yenyewe. Usiguse kile kiwaya na kitu chochote, hata pamba ya masikio, na usikubali mtu akioshe kwa petroli na brashi.

Kuna na hili la kwetu huku pwani ambalo ukisoma maelezo ya Wazungu hulikuti, chumvi. Magari ya Raskazoni na Sahare yanayolala usiku kucha yakipigwa na upepo wa bahari, ukichomoa soketi ya sensa unakuta ndani pini zina ukijani. Na waya wa athi unaofungwa kwenye bodi umekula kutu. Volti zikipita kwenye ukijani ule zinapungua, kompyuta inapokea uongo. Kwaiyo kabla hujanunua sensa yoyote mwambie fundi achomoe soketi uone kwa macho yako. Kama kuna ukijani asafishe kwa spreyi ya kontakti, akaze athi, apime tena.

Sasa masega. Masega yakiziba gari inakosa nguvu, haipandi, ukipandisha Lushoto kutokea Mombo utaomba watu washuke, na ukikanyaga inavuma bila kwenda. Wewe umesema gari inakimbia kama kawaida. Kodi ya masega ambayo watu wanaijua ni P0420, na hata hiyo haisemi yameziba, inasema yamechoka kusafisha moshi. Kodi yako siyo hiyo. Halafu nikwambie jambo lingine ambalo mafundi wenzangu watanichukia: ndani ya masega kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ni madini ya bei, na kuna watu wanapita gereji kununua yale ya zamani. Unatoa hela utolewe masega, na yanayotoka yanauzwa. Na yakishatoka sensa ya pili iliyoko nyuma yake inaona moshi umepita mchafu, P0420 inawaka kweli kweli sasa, unaanza safari nyingine ya kutafutiwa mtu wa kudanganya kompyuta. Simtuhumu fundi wako, simjui, labda kakosea tu. Ila usitoe.

Kwenye hilo la mafuta kula, nna swali langu kwako. Gari iliwahi kuchemsha ukaambiwa wametoa thamostati? Huku kwetu ni kama desturi, gari ikichemsha tu mtu anatoa thamostati anakwambia nchi ya joto hii haina kazi. Ina kazi! Bila hiyo injini haifiki joto lake upesi, kompyuta inadhani bado asubuhi inaendelea kumwaga mafuta ya asubuhi, hata P0128 inaweza kuandikwa. Kama dashibodi yako ina kile kitaa cha bluu cha ubaridi, hesabu dakika. Ukitoka Mikanjuni ukafika Kange bado bluu inawaka, thamostati haipo au imekwama wazi, na hilo ni tatizo la pili pembeni ya hili la kwanza, usiyachanganye.

Safari ya Dar. Taa ikiwa imetulia tu, haipepesi, oili ipo, joto lipo sawa, gari haitakuzimikia Segera kwa ajili ya P0171. Lakini mie ningekuwa wewe nisingekwenda hivyo, kilomita 350 na zaidi kwenda peke yake, na ule mpasuko unaweza kukua njiani, tena wiki nzima ipo mbele yako na kazi yenyewe ya asubuhi moja. Ambapo hupaswi kuendelea hata kwenda sokoni ni taa ikianza kupepesa, inawaka inazima inawaka inazima huku gari inapiga misi. Hapo kuna silinda haiunguzi, petroli mbichi inakwenda kuungulia kwenye masega, na ndo masega yanayeyuka kweli sasa. Punguza mguu, weka pembeni. Na kile kitaa chekundu chenye kibuli cha oili hakihusiani na haya, hicho kikiwaka unazima injini hapo hapo ulipo hata kama ni katikati ya daraja la Pangani.

Kwa kuwa nimegusa misi, mwingine atafaidika: ukisomewa P0302 maana yake silinda ya pili inapiga misi, kabla hujanunua koili hamisha ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, ile ya tatu ilete ya pili, futa, tembea. Ikirudi P0303, koili ndo mbaya. Ikibaki P0302, koili haina hatia, angalia plagi na nozeli. Hakuna gharama hapo, ni kuhamisha tu.

Na hivi vidude vya bluutuuthi vya bei rahisi vinavyouzwa, unachomeka chini ya usukani unasoma kwenye simu, sio vibaya, mie nawashauri watu wawe navyo. Ila IST nyingi zimetengenezwa kwa soko la Japani na baadhi hazielewani na vidude hivyo, kinakataa kuunganisha, usidhani gari ndo bovu. Na ukisikia kwenye video za Marekani kaza kifuniko cha tenki taa itazimika, wale wanazungumzia magari yao yanayopima mvuke wa tenki, mie kwenye hizi za Japani tunazoendesha sijaona hata siku moja taa ikizimishwa na kifuniko.

Kitu cha mwisho kuangalia, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini lazima iwake, ukiwasha injini izimike. Yako inawaka kwa hiyo tuko salama, ila mwenye kwenda kununua gari kwa mtu aangalie hilo, ukiona swichi imewashwa na hiyo taa haiwaki kabisa, mtu kaiziba au kaing'oa balbu. Nimeshafungua dashibodi nikakuta soltepu nyeusi imebandikwa vizuri kabisa, kazi safi hata mie nilimsifia.

Kwaiyo dada, usifute chochote. Njoo nayo Ngamiani asubuhi mapema kabla injini haijapata joto, ikiwezekana hata usiiwashe sana njiani, maana ule mtetemo nataka niuone mwenyewe ukianza na namba nizione zikipanda. Na ile sensa ya kwanza kabisa iliyotoka na gari, muulize fundi wako kama hajaitupa. Muombe kwa upole, mwambie unaitaka tu. Kuna uwezekano mkubwa ndo nzima kuliko hizo mbili ulizonunua, na kama ipo tutairudisha.